Mwenzako Akisema Chumba Hiki Kina Kitu

Novemba 1912, familia moja ya Marekani ilihamia katika nyumba kuukuu yenye vyumba vingi, dari ndefu na mazulia mazito yaliyomeza nyayo za kila aliyepita. Siku chache tu baadaye unyonge ulikuwa umewaingia wote, wakubwa kwa wadogo. Asubuhi moja mke alisikia mtu anatembea chumba cha juu. Akapanda mbio, akapekua chumba kwa chumba, asikute mtu. Mume naye, kila alipokaa mezani kula, alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake, mpaka ikambidi ageuze kiti apate kuuona ukumbi uliokuwa mgongoni mwake. Usiku mmoja alizinduka akihisi vidole vimemkaba koo. Usiku mwingine mke aliamka akaona mwanamume na mwanamke wameketi kwenye mwisho wa kitanda, na yeye hawezi kuinua hata mkono. Watoto walipauka, wakakosa hamu ya kula. Maua ya ndani yalinyauka. Wenyewe walipoulizia habari za waliowatangulia, wakaambiwa kwamba hata hao walikutwa na mambo hayo hayo, na kwamba karibu kila aliyepata kuishi pale aliugua pasipo daktari kuona ugonjwa wa kuutaja.

Ndugu mmoja wa familia ndiye aliyekumbuka kuwa aliwahi kusoma habari za watu waliodhurika kwa gesi wakaanza kuona mambo ya ajabu. Mtaalamu akaitwa kukagua tanuri la kupashia nyumba joto. Lilikuwa bovu kabisa: hewa yake chafu, badala ya kupanda kwenye dohani na kutoka nje, ilikuwa ikimwagika vyumbani. Wakaonywa watoto wasilale mle hata usiku mmoja zaidi. Tanuri lilipotengenezwa, wale wageni wa usiku hawakurudi. Simulizi hiyo ilichapishwa mwaka 1921 na daktari wa macho William Wilmer katika jarida la American Journal of Ophthalmology, naye aliwaficha wenye nyumba kwa herufi moja tu, H.

Nimeianza makala kwa kisa hicho kwa sababu kinafumbua ugomvi ambao wanandoa wengi wanaufahamu vizuri. Mume na mke wako safarini, wamepata chumba gesti, usiku umeingia. Mmoja anasema, "Mume wangu, mimi chumba hiki sikipendi, kuna kitu." Mwenzake anageukia ukutani: "Lala bwana, umezoea kuogopa." Au mambo yanakwenda upande wa pili: mwenzake anaingiwa na hofu vilevile, wanawasha taa, wanasoma dua au wanasali, wanakesha wameshikana mikono juu ya kitanda kile kile mpaka alfajiri. Tumezoea kuwaona hawa wawili kama watu wa aina tofauti, mmoja mwenye akili za kisasa na mwingine mwenye kuamini mambo ya giza. Mimi naona wamekosea kosa moja. Wote wawili wamekaa ndani. Wote wawili wamejadili kama jini lipo au halipo, na hakuna aliyekikagua chumba. Hofu ya mwenzi wako ni taarifa iliyotoka kwenye mwili wake, mwili ambao umelala futi mbili kutoka kwako na unavuta hewa unayovuta wewe. Taarifa ya namna hiyo inastahili kupimwa kabla haijachekwa na kabla haijapelekwa kwa mganga.

Tuitazame hiyo hewa yenyewe. Kitu chochote chenye kaboni, iwe mkaa, kuni, mafuta ya taa, petroli au gesi ya kupikia, kikiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu huishika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa chakula chao. Kwanza huja kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kuwa mizito. Kisha akili huchafuka: mtu huchanganyikiwa, moyo huenda mbio, huhisi woga asioweza kuueleza, na wapo wanaosikia na kuona visivyokuwapo. Dozi ikiwa kubwa, mtu hulala asiamke.

Kwetu gesi hii haihitaji tanuri la Kimarekani. Makete, Njombe, Lushoto, miteremko ya Meru, Limuru na Nyahururu, kati ya Juni na Agosti baridi huingia mpaka kwenye mifupa, na chumba cha kulala wageni mara nyingi hakina kitu cha kupashia joto isipokuwa blanketi la pili. Ndipo jiko la mkaa huingizwa ndani. Na watu hawaliingizi kizembe, hilo lieleweke. Huliwasha nje, hulipepea, husubiri moshi uishe kabisa na mkaa uive uwe mwekundu wote, ndipo hulibeba ndani na kulisogeza karibu na kitanda, mlango ukafungwa na nguo ikapachikwa chini yake baridi isipenye. Wanachokiogopa ni moshi, na moshi kweli haupo tena. Lakini mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio unaotema kaboni monoksaidi kwa wingi, kimyakimya, usiku kucha. Kila msimu wa baridi magazeti ya Kenya na Tanzania hubeba habari za watu waliokutwa wamekufa vitandani, jiko likiwa bado la moto pembeni. Mjini, umeme unapokatika, hatari hiyo hiyo huja na jenereta iliyowekwa kwenye korido au chini ya dirisha la mgeni.

Sasa angalia jinsi sumu hii inavyojivika sura ya kitu kinachoishi ndani ya nyumba. Mtu akitoka nje, nusu ya gesi iliyomo kwenye damu yake huondoka kwa muda wa saa 4 hadi 6. Kwa hiyo anaamka na kichwa kizito, anakwenda sokoni au kazini, na ifikapo mchana yuko mzima. Anarudi usiku, mambo yanaanza upya. Anasafiri kwenda kwa wakwe, anapona. Anarejea, anaugua. Zahanati anapimwa malaria, hana. Anapimwa taifodi, hana. Ugonjwa unaokushika ukiwa ndani na kukuachia ukitoka, usiku zaidi ya mchana, tena ukawashika wageni wote wa chumba hicho mmoja baada ya mwingine: hakuna mzee yeyote wa mtaa atakayeshindwa kuutambua. Atasema nyumba ina mwenyewe. Na kwa maana moja muhimu atakuwa amesema kweli, kwa sababu ameona sawasawa kwamba kisa kiko kwenye nyumba na si kwa mgonjwa. Daktari aliyempa mgonjwa dawa ya kichwa akamrudisha kwenye chumba kile kile ameona kidogo kuliko mzee huyo. Mzee alichokosea ni hatua ya pili tu, ya kumtaja mhusika kabla ya kufungua dirisha.

Kosa la hatua hiyo ya pili limewahi kugharimu maisha hata mahali penye madaktari na vifaa. Mei 2022, katika kisiwa cha Great Exuma huko Bahama, jozi mbili za wanandoa kutoka Marekani walikuwa wamepanga vyumba vya nyumba moja ya kitalii. Jioni walijisikia vibaya, wakaenda kituo cha afya, wakatibiwa, wakarudi kulala kwenye vyumba vyao. Asubuhi watatu kati yao walikutwa wamekufa, na wa nne, mwanamke, alisafirishwa akiwa mahututi. Uchunguzi ulikuta kaboni monoksaidi. Hapakuwa na neno la uchawi katika mkasa ule. Palikuwa na dalili zilizotibiwa, na chumba ambacho hakuna aliyekishuku.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo ni zito: "Ingekuwa mmoja peke yake, tungesema ni ndoto. Lakini tuliona wote wawili." Mahakamani mashahidi wawili wana uzito kuliko mmoja, na ndani ya ndoa ushahidi wa wawili huonekana umefunga mjadala. Ila mashahidi wawili wana uzito pale tu ambapo kila mmoja ameona kwa macho yake bila kutegemea mwenzake. Wanandoa wanaolala chumba kimoja wanavuta hewa moja, wamekula chungu kimoja, wamesafiri basi moja na kuchoka pamoja. Kinachomchafulia mmoja akili kina kila sababu ya kumchafulia mwingine. Pili, wanazungumza. Mwaka 2003 watafiti wa Scotland waliwaonyesha watu, wawili wawili, filamu ya tukio moja iliyopigwa kutoka pembe mbili tofauti, kisha wakawaacha wajadiliane. Watu 71 kati ya kila 100 waliojadiliana walikuja kueleza angalau jambo moja ambalo macho yao hayakuliona kabisa. Walilichukua kwa mwenzao wakaliamini kuwa lao. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, ukakuta kwamba wapenzi huambukizana kumbukumbu zisizo za kweli kuliko watu wasiojuana. Na jambo hilo linaeleweka: tunamwamini zaidi tuliyemzoea. Mke akisema saa nane usiku, "Umesikia? Kama mtu anaburuta kiti," masikio ya mume tayari yamepewa kiti cha kutafuta. Kwa hiyo wawili kuona kitu kimoja ni ushahidi mzuri sana kwamba kuna kisababishi kimoja. Hauthibitishi kwamba kisababishi hicho ni jini, na kwa macho yangu unaongeza sababu ya kutoka nje haraka, kwa kuwa mtu mmoja anayeumwa kichwa huenda ana malaria, lakini wawili wanaoumwa kwa wakati mmoja wana kitu wanachoshiriki.

Upande wa pili wa kitanda yuko yule anayejiona hana ushirikina, naye ndiye ninayetaka kusema naye zaidi, maana mara nyingi ndiye mwenye sauti ya mwisho. Mwandishi Émile Zola alikuwa mtu wa hoja na ushahidi kuliko karibu kila mtu wa zama zake Ufaransa. Septemba 28, 1902, yeye na mkewe Alexandrine walirudi Paris kutoka nyumba yao ya shamba ya Médan. Siku ilikuwa ya baridi na unyevunyevu, wakawashiwa moto chumbani, madirisha yakafungwa, wakalala. Usiku wa manane Alexandrine aliamka anaumwa, akaenda chooni, akatapika. Mumewe naye alikuwa ameamka hajisikii vizuri. Kwa maelezo ya Alexandrine mwenyewe, alitaka kuwaita watumishi, na mumewe akakataa: hapana haja ya kuwasumbua, ni tumbo tu, kesho watakuwa wazima. Baadaye Zola aliinuka, inaelekea akitaka kufika dirishani, akaanguka. Asubuhi watumishi walivunja mlango wakamkuta sakafuni amekufa, umri wake miaka 62. Alexandrine, aliyebaki kitandani, alikutwa hai kwa taabu, akapona, na akaishi hadi mwaka 1925. Maofisa waliwasha moto tena katika chumba kile wakaweka simbilisi ndani, wanyama wakatoka wazima, na shauri likafungwa kama ajali. Zola alikuwa amejitengenezea maadui wengi kwa kumtetea Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyesingiziwa uhaini, na maneno kwamba dohani ilizibwa makusudi hayajaisha hadi leo.

Aliyeziba dohani, kama yupo, hanihusu hapa. Kinachonihusu ni zile dakika ambapo mke alitaka msaada na mume akasema tulale. Mwanamke alikuwa na dalili na alikuwa na pendekezo sahihi. Mwanamume alikuwa na maelezo yenye mantiki, yasiyo na jini hata chembe, nayo yalikuwa ya uongo. Kutokuamini mizimu hakukumsaidia kitu, kwa kuwa alikutumia kumaliza mazungumzo. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya jinsi tunavyogawana woga na ushujaa ndani ya nyumba. Mwanamume akisema anaogopa chumba ataonekana si mwanamume, kwa hiyo hunyamaza, na ukimya wake mke huusoma kama uthibitisho kwamba hakuna kitu. Mwanamke akisema anaogopa ataambiwa ndivyo wanawake walivyo. Lakini ndani ya nyumba nyingi mwanamke ndiye anayekaa karibu na jiko kwa saa nyingi zaidi, ndiye anayekuwa chumbani na watoto mume akiwa amekwenda kuangalia mpira, na akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni hudhurika na gesi hii zaidi ya mama na huchelewa kuitoa mwilini. Ukimwona mke analalamika na mume hahisi kitu, usikimbilie kusema mke ana roho nyepesi. Huenda amekula sumu nyingi zaidi.

Wengine watasema: ukimsikiliza kila mwenye hofu, hakuna atakayelala gesti. Ni kweli kwamba usiku mwingi wa kuogofya hauna gesi yoyote. Mwaka 2016 Masako Tamaki na Yuka Sasaki wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, upande mmoja wa ubongo wa binadamu hulala usingizi mwepesi kuliko mwenzake na hushtuka upesi kwa sauti ngeni, kama mlinzi aliyeachwa zamu. Kwa hiyo bomba linalogonga, mbao za dari zinazojinyoosha baridi ikiingia, paka juu ya bati, vyote husikika vikubwa. Kisha kuna jinamizi. Mtu anapoota, mwili hulegezwa misuli ili asitekeleze ndoto yake. Akizinduka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, hujikuta macho wazi, hawezi kujigeuza wala kupiga kelele, amekandamizwa kifua, na mara nyingi anahisi au anaona mtu chumbani. Makadirio ya watafiti ni kwamba takriban watu 8 kati ya 100 wamepatwa na hali hiyo angalau mara moja maishani, na huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali, yaani hasa msafiri aliyeshuka basi la usiku. Hata yule mke wa mwaka 1912, aliyeona watu wawili kitandani na asiweze kusogea, nadhani usiku ule alikuwa na jinamizi juu ya sumu. Simulizi yake iliandikwa baada ya mambo kutokea, na si kila kipande chake kinaweza kubebeshwa gesi.

Lakini tofauti za mambo haya zinapimika, tena na watu wasio na chombo chochote. Jinamizi humshika mtu mmoja, hukaa dakika chache, humwachia akiwa mzima. Woga wa mahali pageni hupungua usiku wa pili na wa tatu. Sumu ya hewa hufanya kinyume: huwashika wote, huja na kichwa na kichefuchefu, huzidi kadiri mnavyokaa, na huanza kuachia mkitoka nje. Na hapa ndipo hesabu ya pingamizi hili inapokosea. Linahesabu gharama ya kumsikiliza mwenye hofu kana kwamba lazima mhame mji. Gharama yenyewe ni kufungua dirisha, kutoa jiko, kukaa barazani robo saa na kuulizana, "Kichwa kinakuuma? Na mimi." Hakuna ndoa iliyovunjika kwa robo saa ya baraza.

Nakubali pia kwamba yako mambo ambayo jiko haliwezi kuyaeleza. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, zimwi linalosemekana kuwashambulia watu vitandani usiku, ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, na watu walilala nje kwa makundi, wamezunguka moto, wake kwa waume, kwa kuogopa vyumba vyao wenyewe. Mwaka 2007 hofu hiyo ilizuka tena Dar es Salaam. Kisiwa kizima hakikuwa na tanuri bovu. Wengi walioeleza walichopata walisema mambo yanayofanana sana na jinamizi, na maneno yaliyoenea kwamba aliyeshambuliwa asiposimulia atarudiwa yalifanya kila kisa kizae visa vingine. Lakini tazama walichofanya watu wale kwa miili yao: walitoka nje, wakalala pamoja kwenye hewa. Kama tahadhari, hiyo ilikuwa ya busara kuliko ya mume anayegeukia ukutani. Madhara yalikuja pale hofu ilipoacha kutazama chumba ikaanza kutafuta mtu. Katika msisimko ule wa 1995 mtu mwenye matatizo ya akili, mgeni mjini, aliuawa na umati uliodhani ndiye popobawa. Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Mwanza na Geita, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu yanayodhaniwa kuwa alama ya uchawi, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Moshi ule ule uliomwumiza bibi ukawa ushahidi wa kumshtaki. Ndani ya ndoa jambo hili hutokea kwa udogo wake: anayetafutwa anakuwa mke wa zamani, mama mkwe, jirani aliyewahi kukataliwa posa. Ukikubali kwamba swali la kwanza ni "kuna nini chumbani?" badala ya "nani anatuchezea?", umewakinga watu wengi ambao hata hawajui kwamba usiku huo wametajwa.

Limebaki pingamizi la dini, nami nalichukua kwa heshima yake yote. Mwislamu ataniambia majini yametajwa katika Kurani. Mkristo ataniambia Injili imejaa habari za pepo. Sina hoja dhidi ya imani hiyo na makala hii haiihitaji. Imani hiyo hiyo haijawahi kumwagiza mtu alale na moto. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku wenyewe wakiwamo, na Mtume akaagiza mioto izimwe kabla ya kulala. Aliyesema hivyo alikuwa anayajua majini kuliko mganga yeyote wa leo, na nyumba ilipoungua aliuzungumzia moto. Muumini anayetoa jiko nje, akafungua dirisha, kisha akasoma dua yake, hajapunguza kitu katika imani yake. Anayesoma dua huku mkaa unawaka pembeni ya kitanda ameacha nusu ya alichofundishwa.

Wenye gesti nao wana deni katika jambo hili. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22, inamwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo kwenye paa ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Ukingo wa gesti ya Makete au Limuru ni dirisha linalofunguka kweli, badala ya lile lililopigiliwa misumari kwa kuogopa wezi. Ni tundu la hewa juu ya mlango lisilozibwa na gazeti. Ni jenereta iliyowekwa mbali na vyumba, upande ambao upepo hauirudishii nyumba moshi. Ni mablanketi mazito ya kutosha ili mhudumu asiwe na sababu ya kumpelekea mgeni jiko. Ving'ora vya kaboni monoksaidi vipo, vinatumia betri, na anayeweza kumwekea mgeni televisheni ukutani anaweza kununua kimoja. Chumba kinachosemwa vibaya na wageni watatu mfululizo kikaguliwe na fundi, tena kabla ya kupakwa rangi mpya na kupewa namba nyingine mlangoni. Wageni waliokihama usiku warudishiwe pesa zao bila maneno, kwa sababu mtu anayejua kwamba akilalamika atapoteza malipo yake atajilazimisha kulala.

Wanandoa wenyewe wanaweza kupatana jambo moja kabla ya safari, wakiwa nyumbani, mchana, kila mmoja na akili yake timamu: kwamba usiku wowote, mmoja akisema tutoke, wote wanatoka, na ubishi unafanyika nje. Mapatano yafanyike mapema kwa sababu aliyekwisha kulewa gesi hawezi kuhukumu vizuri, na huyo ndiye mara nyingi anayesema kwa ukali kwamba hana tatizo lolote. Wakiwa barazani, aliyekuwa na hofu aulizwe anasikia nini mwilini: kichwa, tumbo, kifua, miguu. Kama watoto wamo, watolewe kwanza. Kama kuna asiyeamka akiitwa, avutwe hadi nje na watafutwe watu wa kumpeleka hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba walilala na jiko, maana pasipo kuambiwa atapima malaria.